"Tuongezeeni Sauti": Ombi Ambalo Mara Nyingi Tunalikataa

Mteja akitupigia simu kuhusu matangazo ya ndani ya ndege, kwa kawaida ameshajaribu dawa moja: kupandisha sauti hadi mwisho. Na bado abiria wa nyuma wanaulizana rubani amesema nini.

Kusikia si kuelewa. Chukua "vaeni" na "kaeni". Irabu ni zilezile. Kinachoyatenganisha ni konsonanti moja fupi, na konsonanti ndizo zinazozama kwanza kwenye kelele. Siku ya dharura, tofauti hiyo si ndogo. Ngurumo ya propela ni nzito, iko chini sana, lakini ikiwa kali hufunika hata sauti nyembamba zilizo juu yake. Ukiongeza sauti tu, amplifaya huanza kukwaruza, na sikio nalo huchambua maneno vibaya zaidi linapopigwa na sauti kubwa mno.

Sisi hutumia kipimo cha kueleweka kwa usemi kiitwacho STI (Speech Transmission Index), kilichoanzishwa na Houtgast na Steeneken huko Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo kimo kwenye kiwango cha kimataifa IEC 60268-16. Tunapiga ishara maalumu mbele ya maikrofoni ya mhudumu, ishara inayopanda na kushuka kama usemi wa mtu, halafu tunapima kwenye kiti ni kiasi gani cha mawimbi hayo kimefika salama. Jibu huwa kati ya 0, yaani hakuna kinachoeleweka, na 1, yaani usemi umefika kamili. Ishara na kelele zikilingana nguvu kwenye masafa yote ya sauti, nzito hadi nyembamba, utapata kama 0.5 hata kama spika ni nzuri kiasi gani.

Ndiyo maana kipimo cha karakanani peke yake hakitoshi. Ndege imezimwa, kimya kabisa, nani asingeelewa? Isitoshe, mifumo mingi hujiongezea sauti yenyewe injini zikiwaka, kwa hiyo hata kiwango cha sauti ulichopima ardhini sicho cha angani. Huwa tunarekodi kelele ya safari kiti kwa kiti, kisha tunaiunganisha kwa hesabu na vipimo vya ardhini.

Mtego mwingine ni maikrofoni zinazochuja kelele. Ishara ya STI inafanana na kelele, basi kichujio huikata na mfumo mzima huonekana mbovu bila kosa. Hapo tunarudi kwa binadamu: wasikilizaji, orodha za maneno yanayokaribiana kwa sauti, na kalamu. Ni kazi ya kuchosha, lakini haidanganyiki kirahisi.

Vyoo pia hupimwa. Wateja hushangaa, ila kanuni ya Marekani 25.1423 ya ndege za abiria inavitaja pamoja na viti vya abiria na sehemu za kazi za wahudumu.

Ukitaka tuje, tuandalie mchoro wa spika na safari moja isiyo na abiria. Usiguse kitufe cha sauti kabla hatujafika.