Maneno Unayo, Somo Yangu

Tanga, 9 Juni

Somo yangu mpenzi,

Nimeona nikuandikie barua, maana kwenye simu ungenikatisha uniambie umeshapoa. Hujapoa. Kwenye mtihani wako wa Kijerumani umefaulu kusoma, kusikiliza na kuandika, kuzungumza ukapata 48 na wanataka 60, sasa unasema kichwa chako hakishiki lugha. Hilo silikubali. Asiyeshika lugha hapati 81 kwenye kuandika Kijerumani cha B2, ngazi ya nne kati ya sita, na vitenzi vyao vile vya kwenda kukaa mwisho wa sentensi.

Unakumbuka kidato cha kwanza? Tulitoka shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, ghafla biolojia na jiografia zote Kiingereza. Wewe ndiye uliyenisahihishia insha. Lakini ukisimamishwa, sauti inakauka. Siku moja ulikosea kitenzi, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nisamehe, somo, sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Mimi nilikuwa naropoka, nikikosea nasonga mbele, walimu wakaniona hodari kuliko wewe. Ukweli ni kwamba sikuwa na woga, basi.

Leo nafundisha Kiingereza, na kila mwaka nawapata watoto kama wewe: daftari safi, mdomo umefungwa. Chuoni tulisoma kazi ya mtafiti Elaine Horwitz na wenzake ya mwaka 1986. Walitunga dodoso la sentensi 33 kupima hofu ya darasa la lugha, kwa kuwa waliona ni hofu ya aina yake. Mtu mchangamfu kwao, anayejua kujieleza, akiingia kwenye lugha ya kigeni anajiona amerudi utotoni mbele za watu. Peter MacIntyre, mtafiti mwingine wa hofu hiyo, naye ameandika kwamba wasiwasi huvuruga kusikia, kufikiri na kutamka, vyote vitatu. Akili inagawanyika: huku inatafuta neno, huku inamtazama mtahini usoni. Ndiyo yaliyokukuta. Umeniandikia mwenyewe kwamba mwenzako wa mtihani alipoanza kutiririka, uliacha kufuata hoja yake ukawa unahesabu makosa yako.

Darasani kwangu simsimamishi mtoto peke yake mwezi wa kwanza. Wanazungumza wawili wawili, baadaye wanne, na sentensi siikatizi ili kusahihisha. Kuna binti alikaa kimya tangu Januari. Aprili akanyoosha mkono mwenyewe, akauliza swali. Nilitamani ungekuwepo.

Sehemu ya kuzungumza unaweza kuirudia peke yake, kwa hiyo usiguse hizo nyingine. Jifunze sentensi moja ya kumwambia mtahini "naomba nifikiri kidogo" mpaka itoke bila kuitafuta. Na kila usiku nirekodie sauti ya dakika tatu kwa Kijerumani, unitumie. Anza na mama anavyopika mkate wa sinia. Mimi Kijerumani sijui hata salamu, hivyo kosa lako sitalisikia. Nitaisikia sauti yako tu.

Ya kwanza naisubiri kesho baada ya isha.

Somo yako