Barua kwa wenzi wapya: rangi ya sebule haitaki Jumamosi moja

Wanangu mliofunga ndoa karibuni na kuhamia Bunju, Kigamboni, Chanika na Mbezi, salaam.

Jumatatu hadi Ijumaa mnatoka gizani na kurudi gizani. Mnabakiwa na Jumamosi na Jumapili, na humo mnataka sebule ipakwe rangi, mazoezi ya kukimbia yaanze, na mtoke nje ya mji mkapumue. Wengi wenu mnayabeba yote kwa mkupuo. Jioni ukuta una mabaka, mabega yanauma, na kila mmoja kamnunia mwenzake.

Kazi ya ukuta ina muda wa mikono na muda wa kukauka, na wa kukauka ni mrefu zaidi kwa mbali. Ukiubana huo, rangi itabanduka. Ukiuacha upite, utajikuta una wikendi tatu au nne ambazo ukuta haukuhitaji. Hizo ndizo za mbio na safari. Kwa hiyo pangeni wiki sita, mwanzo wake uwe Juni au Julai, kipupwe kikiwa kikavu. Masika, Machi hadi Mei, msiguse ukuta wa nje kabisa.

Wikendi ya kwanza msinunue rangi. Kagueni. Tafuteni mahali rangi ya zamani imevimba malengelenge, pasua lengelenge moja kwa ukucha, mtazame nyuma yake. Mkikuta unga mweupe kama majivu, hiyo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ndani ya ukuta. Maji yalipokauka yaliiacha hapo, nayo ikaisukuma rangi. Kupaka rangi juu yake ni kutupa fedha.

Halafu tazameni unyevu umeanzia wapi. Ukianzia sakafuni na kuishia kama mita moja kwenda juu, maji yanapanda kutoka ardhini. Doa likianzia juu na kushuka, ni bati, au mfereji wa maji ya mvua. Likiwa chini ya dirisha, maji yanaingilia pale kizingiti kilipoachana na lipu. Na ukuta unaopakana na bafu ukilowa kwa ndani peke yake, msihangaike na kitu kingine kabla ya kukagua mabomba.

Mkiwa na shaka kama unyevu ni wa ukuta au wa hewa ya chumbani, kateni nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandikeni ukutani kwa maskingi tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, muiache saa 24. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa: mnapika au mnaanika nguo ndani, na madirisha hayafunguliwi. Jumamosi jioni mnabandika, Jumapili mnakimbia asubuhi, jioni mnasoma majibu.

Maji yanayopanda kutoka ardhini hutibiwa nje. Mara nyingi mtakuta udongo umerundikwa ukutani hadi kupita usawa wa sakafu, au kuna bustani ya maua inayomwagiliwa kila jioni pale pale. Shusheni udongo hadi uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi, na ardhi ielekee mbali na nyumba. Watakuwapo wa kuwashauri mpake rangi ya mafuta kwa ndani ili maji yasipite. Msiwasikilize. Rangi ya mafuta huyafungia maji ndani, na miezi michache baadaye ukuta mzima umevimba.

Palipo na ukungu mweusi, changanyeni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, mpake, mwache dakika 15, msuuze. Vaeni glavu, fungueni madirisha, na kamwe msiichanganye na dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Wikendi ya pili ni ya kukwangua na kuziba. Lipu iliyooza gongeni kwa mpini wa nyundo: nzima hulia kavu, iliyoachia hulia kama debe tupu. Bandueni yote inayolia hivyo hadi mfike kwenye tofali. Lowesheni tofali, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya saruji na lipu hufa kabla ya kukomaa. Changanyeni kopo moja la saruji kwa makopo manne ya mchanga wa mto uliochekechwa, na kopo liwe lile lile. Mchanga wa ufukweni msiuguse hata kama ni wa bure, una chumvi ile ile mnayoikimbia. Unene usizidi milimita 15 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Shimo likiwa na kina zaidi, pigeni mara mbili, wa kwanza mkauchore kwa msumari ili wa pili ushike. Mchanganyiko uishe ndani ya saa moja, na ukianza kukaza msiulainishe kwa maji. Kisha nyunyizieni maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na baada ya hapo muuache ukauke hadi zitimie wiki nne.

Rangi ya zamani iliyobaki ipigeni msasa namba 120. Kama hamjui ni ya maji au ya mafuta, sugueni kwa pamba yenye spiriti. Ya maji italainika na kuchafua pamba, ya mafuta haitashtuka. Ya mafuta lazima iparuzwe hadi mng'ao uishe, la sivyo rangi ya maji itabanduka kama ngozi ya nyoka. Nyumba ikiwa ya zamani, sugueni rangi ya mafuta ikiwa imeloweshwa, msiisugue kavu. Rangi za zamani za namna hiyo huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Mke akiwa mjamzito, au kuna mtoto mdogo, wasiwemo chumbani siku hiyo.

Sasa ukuta unakauka, nanyi vaeni raba.

Anayeanza asikimbie mfululizo. Kimbieni dakika moja, tembeeni mbili, mara nane, siku tatu kwa wiki, na pasiwe na siku mbili za kukimbia zinazofuatana. Kila wiki ongezeni sekunde 30 za kukimbia. Kipimo cha kasi ni mazungumzo. Kila mmoja aweze kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, na anayeshindwa ndiye anayepanga mwendo wa wote wawili. Hapa ndipo wenzi wengi wanapoharibu. Mwenye mapafu makubwa anatangulia mita 50, anageuka, anasema "twende bwana", na mwenzake wiki ya tatu hana hamu tena. Ukiwa na kasi zaidi, tangulia dakika mbili, geuka urudi hadi umfikie, kisha endeleeni pamoja. Utakuwa umekimbia umbali mrefu kuliko yeye, naye hatakuwa ameachwa peke yake barabarani.

Anzeni saa 12 asubuhi. Ikifika saa 2 jua la Dar limeshaamka. Barabara isiyo na njia ya watembea kwa miguu, kimbilieni upande wa kulia, muyaone magari yanayokuja. Wanaokaa karibu na Oysterbay wana Coco Beach na Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022, la urefu wa kilomita moja hivi. Wanaokaa Chanika wasiendeshe gari saa nzima kwenda kukimbia dakika 30. Barabara ya vumbi ya mtaani inafaa, tena ni laini kwa magoti.

Raba za mtumba zinunueni, lakini kwanza bonyezeni soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na ina mikunjo ya pembeni, imekwisha hata kama juu inang'aa. Maumivu ya ugoko hutokana na kuongeza umbali haraka. Msizidishe zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Maumivu yakiwa sehemu moja ya mfupa unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, acha kukimbia, nenda hospitali. Mkitaka shabaha, mbio za Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika Moshi tangu 2003, zina kilomita 5 pamoja na zile ndefu. Kawaida huwa mwishoni mwa Februari, na mkianza Juni muda unatosha bila haraka.

Safari iwekeni wikendi ya nne, lipu ikiwa bado inakauka na miguu imeshazoea. Lushoto ni pazuri, lakini kutoka Dar siku mbili zitaishia barabarani. Chagueni Morogoro. Treni ya umeme imebeba abiria kati ya Dar na Morogoro tangu Juni 2024, na safari ni kama saa mbili. Kateni tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Stesheni ya Morogoro iko nje kidogo ya mjini, wekeni nauli ya bajaji.

Jumamosi pumzikeni. Jumapili saa 12 asubuhi anzeni kupanda Morningside, kwenye miteremko ya Uluguru, katikati ya mashamba ya mboga ya Waluguru. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, maji lita moja na nusu kila mtu, na viatu vyenye meno, kwa sababu udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Mchana mawingu hushuka mlimani, msisubiri. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja kuliko kupanda, hivyo Jumatatu na Jumanne zisiwe za kukimbia.

Wenye siku moja tu waende Bagamoyo, kama kilomita 70, wakaone magofu ya Kaole na msikiti wake wa karne ya 13. Hiyo inatosha siku.

Kabla ya kuondoka nyumbani fungeni mtungi wa gesi na koki kuu ya maji. Madirisha ya chumba chenye lipu mpya yaacheni na upenyo nyuma ya grili, na ufunguo mwachieni jirani mnayemwamini. Chumba kilichofungwa kabisa siku mbili hakikauki, kinatoa jasho.

Wikendi ya sita sasa, rangi. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye urefu wa mita 3 kwenda juu kina ukuta wa mita za mraba 42. Ondoeni mlango na dirisha, zinabaki 38. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita nane, yaani galoni mbili za lita 4. Zimwageni zote kwenye ndoo moja mzikoroge pamoja, kwa sababu galoni mbili za namba moja huweza kupishana kidogo, na tofauti huonekana katikati ya ukuta. Kabla ya hapo pakeni praima, yaani rangi ya msingi, kwenye viraka vya lipu mpya, la sivyo vitanyonya rangi na kubaki mabaka.

Kuhusu rangi yenyewe, msibishane dukani. Pakeni mraba wa sentimita 60 kwenye kuta mbili, mwangalie asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Kila chumba kiwe na mtu mmoja mwenye neno la mwisho, mkubaliane kabla ya kutoa hela.

Zimeni mein swichi kabla ya kufungua vifuniko vya soketi. Mwenye mkono mtulivu ashike brashi ya inchi 2 na kukata kingo, yaani kupaka pembezoni mwa ukuta ambako rola haifiki, kwa upana wa sentimita 6 hivi. Mwenzake afuate na rola kingo ikiwa bado mbichi. Mwenye brashi asitangulie zaidi ya mita mbili. Akizunguka chumba chote kwanza, kingo zitakauka, na rola ikipita juu yake patabaki mstari kama fremu ya picha. Mkono wa kwanza uongezwe maji asilimia 10. Msibadilishane vifaa katikati ya ukuta, na msisimame kula kabla ukuta haujafika kona. Mkiona sehemu imeruka na rangi imeanza kukaza, iacheni hadi mkono wa pili. Kuirudia huiburuta na kuacha makovu. Na mwenye rola amalize ukuta wake bila mwenzake kupita nyuma akimsahihisha. Kasoro semeni ikishakauka, mkiwa mmesimama wawili mnaitazama.

Kati ya mkono wa kwanza na wa pili acheni saa nne, siku ya unyevu mwingi acheni hadi kesho yake. Siku ya kupaka dari msikimbie mbali, shingo na mabega havitawaruhusu.

Maskingi tepu mliyobandika kingoni ivuteni rangi ya mkono wa mwisho ikiwa bado na unyevu, taratibu, mkiikunja nyuma kwa mshazari. Mkingoja ikauke, itang'oka na vipande vya rangi. Osheni rola hadi maji yatoke safi. Nusu lita ya rangi iliyobaki itieni kwenye chupa yenye mfuniko mkali, muandike juu yake chumba, namba ya rangi na tarehe. Kabati na makochi yakae sentimita 5 kutoka ukutani, na ukuta usifutwe kwa kitambaa cha maji hadi zipite wiki mbili.

Wasalaam,
Mzee wenu