Mmesahau kuuliza gari italala wapi

Mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ya vigari vidogo vya umeme, nikairudia, picha safi, rangi zinavutia, ila mwandishi kahangaika mwanzo mpaka mwisho na swali moja tu la inaenda kilomita ngapi, alafu alipofika kwenye kasoro akaandika kwamba betri ni ndogo, basi, kafunga daftari. Mi naendesha kamoja huu mwaka wa tatu, ka mtumba, na nawaambia hiyo betri ndogo sio kasoro ya kwanza wala ya pili. La kwanza ni hiyo gari italala wapi usiku. Mtu mwenye soketi pale anapopaki na mtu asiyenayo hawa wananunua vitu viwili tofauti kabisa hata kama wametoka duka moja na gari za rangi moja.

Ngoja niwape hesabu yangu. Kazini kwenda na kurudi na mizunguko midogo midogo napiga kama kilomita 34 kwa siku. Kagari kangu kwa mwendo wangu kanakula yuniti 13 hivi kila kilomita 100 (yuniti ni hii hii ya kwenye mita ya umeme, wenye vitabu wanaiita kilowati-saa, hakuna uchawi), kwa hiyo siku nzima nimetumia yuniti 4 na nusu. Soketi ya kawaida ukutani ukivuta ampea 10 kwa volti 230 inakupa kilowati 2.3, yaani masaa mawili tu nimesharudisha nilichokula, na usiku una masaa mangapi? Nachomeka, naingia ndani, asubuhi imejaa. Sheli siku hizi naenda kujaza upepo tu na yule kijana wa pampu ananiangalia kama nimemkosea.

Sasa mchukue mwenzangu anayekaa ghorofa ya nne na gari inalala barabarani chini. Huyo hata mumpe kagari kazuri kuliko kangu atateseka, maana kila baada ya siku mbili lazima akatafute kituo cha chaji, na hapa ndo kuna jambo makala yenu haikuligusa kabisa: gari ndogo nyingi zinachaji polepole hata kwenye kituo chenye mashine kubwa, kwa sababu gari yenyewe ndo inaamua inapokea kiasi gani, sio mashine. Citroën Ami, kale kaboksi ka watu wawili kalikotoka 2020, hakana chaji ya haraka kabisa, kana waya wake umefichwa mlangoni unachomeka ukutani, na kwa kuwa betri yake ni yuniti 5.5 tu ndani ya masaa 4 hivi imejaa. Dacia Spring ya kwanza kwanza, ile ya 2021 yenye betri ya yuniti 26.8, chaji ya haraka ilikuwa ya kuomba kama nyongeza, na ukiipata mwisho wake kilowati 30, wakati gari kubwa za umeme siku hizi zinapokea mia na zaidi. Kwenye soketi ya nyumbani hiyo Spring ikiwa kavu inataka kama masaa 14. Ukiwa unarudisha ulichotumia leo tu wala hutayaona hayo masaa, ila ukiwa mtu wa kusubiri iishe ndo ujaze, kama tulivyozoea na mafuta, utayaona yote.

Na hiyo soketi nayo isiwe soketi tu. Mi wiki za mwanzo nilitumia ekstensheni ya kawaida ya kuchomekea tivii, nikasema si inafanya kazi, usiku wa tatu harufu ya plastiki ikanitoa kitandani, nakuta plagi imelainika kama ubani. Birika linavuta umeme mwingi lakini dakika tano limezima, gari inavuta ule ule masaa na masaa bila kupumzika, kiungo chochote kilicholegea kinapata moto. Nikaita fundi akavuta waya mnene wa peke yake, breka yake na athi yake, tangu hapo kimya. Hii ilitakiwa iwe aya ya kwanza ya makala yenu kwa kweli, kabla hata ya rangi.

Sifa zipo tena nyingi, msije mkadhani nakandia. Kwanza kukaendesha. Hakuna klachi, hakuna gia za kuhangaika nazo, unakanyaga kanaondoka, maana mota ya umeme inatoa nguvu yake yote toka sifuri haisubiri mzunguko upande kama injini, kwa hiyo pale taa ikiwaka kijani unawaacha wenye magari makubwa wanashangaa, japo mbele kidogo wanakupita, usijisahau. Foleni ambayo zamani ilikuwa inanimaliza mguu sasa hivi nasikiliza redio tu, gari ikisimama haili kitu zaidi ya taa na kiyoyozi. Ukiachia mguu mota inageuka kuwa jenereta inarudisha umeme kidogo kwenye betri huku ikipunguza mwendo, ndo maana brekpedi zangu za mbele fundi alizitoa akaziangalia akazirudisha. Oili ya injini hakuna. Plagi hakuna, taimingi belti hakuna, ekzosti hakuna. Kupaki ndo usiseme, ile Ami ina urefu wa mita 2.41, Wuling Hongguang Mini EV ya China, ile ya mwanzo ya 2020, ina mita 2.92 na imebeba siti nne (za nyuma ni za watoto au za mtu unayemdai). Hiyo Ami wameibana gharama mpaka milango yote miwili ni mlango mmoja, wa kulia na wa kushoto ni sawasawa, matokeo yake mmoja unafunguka kwa mbele na mwingine kwa nyuma. Mi napenda akili ya namna hiyo.

Tairi lakini zinaisha. Ile nguvu ya kuondokea na uzito wa betri vinakula mpira, hilo muuzaji hakwambii.

Nirudi kwenye hizo kilomita maana najua ndo wasomaji wanataka. Namba inayoandikwa kwenye tangazo inategemea imepimwa kwa kipimo gani. Kuna NEDC, kipimo cha zamani ambacho Ulaya walianza kukiacha 2017 wakaleta WLTP, kuna CLTC cha China, na hivi viwili vya NEDC na CLTC ni vya upole sana, mwendo mdogo mdogo, dereva mpole. Hongguang ya betri ndogo, yuniti 9 na kitu, ilitangazwa kilomita 120 kwa NEDC. BYD Seagull yenye yuniti 30 imeandikiwa kilomita 305 kwa CLTC, hebu gawanya mwenyewe uone, inatoka chini ya yuniti 10 kwa kilomita 100, hiyo labda unashuka mlima. Mkiandika namba andikeni na kipimo chake pembeni, si kazi kubwa.

Barabara kuu ndo inakaumbua kagari kadogo. Mjini kwenye spidi 40 kanakula kidogo lakini upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 50 ukaenda 100 hewa inakusukuma nyuma mara nne, na vigari hivi vingi ni virefu kwenda juu kama friji, hewa haivipendi. Hapo mshale wa betri unashuka unauona kwa macho. Alafu kuna jambo la kiyoyozi ambalo watu hawalifikirii: kiyoyozi hakijui betri yako ni kubwa au ndogo, kikivuta kilowati moja masaa mawili kwenye foleni kimekula yuniti 2, mwenye betri ya yuniti 60 hata hashtuki, mi ambaye betri yangu ilitoka kiwandani na yuniti 16 nimeshapoteza moja ya nane na sijafika popote. Siku za joto kali mi nafungua dirisha kama zamani.

Nimesema ilitoka kiwandani na 16. Leo hazimo zote. Wakati nakanunua muuzaji aliwasha dashibodi akanionyesha betri asilimia 100, na mi nikafurahi kama mjinga, kumbe ile ni asilimia 100 ya kilichobaki. Ni kama mtu akuonyeshe ndoo imejaa bila kukwambia nusu ya ndoo wameweka mawe. Nikijaza sasa hivi napata kilomita 80 nikiwa na adabu, 65 nikiwa na haraka, kwa safari zangu inatosha sana na ndo maana sijakauza, ila ningejua ningepima kwanza. Kuna vifaa vidogo vya kuchomeka chini ya usukani vinasoma afya ya betri vinaleta kwenye simu, na Nissan Leaf zile za mwanzo zina vijimstari 12 pembeni mwa geji ya chaji, hivyo ndo vya kuhesabu, sio asilimia. Leaf hizo, zilizoanza kuuzwa mwisho wa 2010, hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na wenye nazo kwenye jangwa la Arizona walianza kulalamika mapema tu vijimstari vinadondoka, 2012 ilikuwa gumzo. Joto na betri hawapatani. Gari ya mtumba iliyokulia kwenye baridi na iliyokulia kwenye jua, hata zikiwa na kilomita sawa, sio sawa.

Na angalieni tundu la chaji kabla ya kulipa! Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani nyingi zina tundu la haraka la CHAdeMO, za soko la China zina GB/T, Ulaya wanatumia CCS ya aina ya pili, na hazichomekani. Unaweza kufika kituoni na asilimia 6 ukakuta mashine nzima ipo, umeme upo, mhudumu yupo, ila plagi ya mashine ni ya mraba na tundu lako la duara, ndo mwisho wa habari. Hii nayo inamrudia yule yule asiye na soketi yake, maana mi mwenye ukuta wangu plagi za vituoni nazisoma tu kwenye magazeti.

Usalama. Hapa naomba muwe wakali zaidi. Vingi vya vigari hivi kisheria huko Ulaya sio gari, vinaitwa kwadrisaikoli, yaani vyombo vyepesi vya matairi manne, na kundi hilo halibanwi na majaribio ya ajali yale ya magari ya kawaida. Ami haina eabegi hata moja na mwisho wake ni spidi 45, ndo maana Ufaransa mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kukaendesha akiwa na leseni ndogo. Kale kagari ka umeme ka G-Wiz ka India kalikojaa London miaka ya 2000 nako kalikuwa kwenye kundi hilo hilo. Lakini hata kinachohesabika gari kamili usikiamini kwa sura, Dacia Spring ilipopimwa 2021 na Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaogongesha magari kupima usalama, ilipata nyota moja kati ya tano. Mi kangu sikapeleki barabara ya malori, nimejiwekea sheria hiyo na sijawahi kuivunja, na makala yenu iliyoweka picha ya kagari kakiwa haiwei katikati ya matrela mawili haikunifurahisha hata kidogo.

Mengine ni ya kuchekesha. Asubuhi moja betri kubwa imejaa vizuri na gari haifunguki, haiwaki, imekufa, nikapiga simu huku na kule, kumbe kuna kabetri kadogo ka volti 12 kama ka gari yoyote, ndiko kanakowasha kompyuta inayoiruhusu betri kubwa iingie kazini, kakifa hako basi umeme wote ule upo kifungoni. Nikawashwa kwa waya na jirani mwenye gari ya dizeli, na hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Kuhusu kile kipande cha mwisho cha makala yenu kwamba umeme wenyewe unatokana na makaa ya mawe kwa hiyo hakuna faida, hilo linategemea umeme wa pale unapochaji unatoka wapi, maji, gesi, jua au hayo makaa, na kagari kadogo kanatumia kidogo kuliko mjumba wa umeme wa tani mbili na nusu vyovyote iwavyo.

Naomba tu mkirudia habari hizi muandike betri ina yuniti ngapi, gari inapokea kilowati ngapi, tundu lake la aina gani na waranti ya betri inaishia wapi, nafasi ya hayo mtaipata mkipunguza picha. Na mwandishi wenu akitaka kukaendesha kangu anakaribishwa, ila aje mchana, usiku kamechomekwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi