Risala ya wakaazi wa Vuga na vijana wa filamu kwa Mgeni Rasmi, iliyosomwa ndani ya jengo la sinema ya Majestic, Mji Mkongwe, Zanzibar

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali,
Sheha wetu, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha mahali hapa. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kukubali kuingia ndani. Wageni wetu kadhaa wa huko nyuma waliishia barabarani, wakapigwa picha mbele ya jengo, wakaondoka.

Mheshimiwa, historia ya hapa ni ndefu na muda wako ni mchache, kwa hiyo tutaipitia mbio mbio. Mahali hapa palikuwa na ukumbi wa Royal uliofunguliwa mwaka 1921, uliochorwa na J. H. Sinclair, yule yule aliyechora Mahkama ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani, Mnazi Mmoja. Royal iliteketea kwa moto, na mwaka 1955 ikafunguliwa Majestic, kwa mtindo wa Art Deco ambao bado unaonekana ukisimama ng'ambo ya barabara. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema za Zanzibar zikawa mali ya Serikali. Televisheni ya rangi ikaanza hapa visiwani mwaka 1973, kanda za video zikafuata, watu wakazowea kuangalia picha majumbani, na kumbi zikafa moja baada ya moja. Empire pale Darajani imekuwa duka. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Majestic imo ndani ya mipaka hiyo. Mengine wazee waliokaa mbele yako wanaweza kukusimulia vizuri kuliko karatasi hii: picha za Kihindi za Jumapili, familia nzima zimevaa nguo za sikukuu, tiketi zikilanguliwa nje kwa waliochelewa, na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo bibi zetu waliyasubiri wiki nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kamati yetu imepata mafanikio makubwa sana. Tumeondoa taka na vifusi vilivyokuwa vimejaa ukumbini. Tumekata miti iliyokuwa imeota ndani ya kuta. Tumeurejesha kikamilifu utamaduni wa sinema katika Mji Mkongwe, kwa kufunga shuka jeupe pale mbele na kuazima projekta kila tunapoonyesha filamu. Vijana wetu wamejifunza kuandika miswada, kushika kamera na kuhariri, na filamu zao fupi mtaziona leo jua likishazama. Tumeweka pia kitabu cha wageni, ambacho tutakirejea.

Sasa tunaomba utazame juu.

Hakuna paa, Mheshimiwa. Lilianguka, na tangu hapo kila masika na kila vuli maji yanaingia moja kwa moja. Ukiweka mkono kwenye ukuta huu wa kushoto, plasta inabaki kiganjani kama unga. Pale juu, kwenye ile boriti ya zege, kuna nondo imetokeza nje. Fundi wetu ametueleza kwamba chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinalipasua zege kutoka ndani, na hewa yetu ya chumvi inaharakisha kazi hiyo. Kuta zilijengwa zikiwa na kofia juu yake. Bila kofia maji yanapenya kutoka kileleni, yanashuka ndani kwa ndani, na mbegu zinazoletwa na ndege zinapata pahala pa kuotea. Miti tuliyoikata itarudi. Kwa lugha nyengine, kila tunachokifanya huku chini kinafutwa na mvua ya msimu mmoja.

Hatusemi haya kwa kukutisha. Tarehe 25 Disemba 2020 sote tulisikia kishindo cha jumba kongwe la Beit al-Ajaib sehemu yake ilipoporomoka, na watu wawili walipoteza maisha. Hapa Majestic watoto wanakaa chini ya kuta hizi kuangalia filamu.

Mheshimiwa, suala hili si geni. Limo katika kila risala tuliyowahi kuisoma. Katika kitabu cha wageni, ambacho kurasa zake za mwanzo zimegandana kwa kulowa, utakuta viongozi walioandika kwa mkono wao kwamba paa wanalichukua, wanalifanyia kazi, wanakwenda kulizungumza. Watu walikuja wakapima kwa futi, wakapiga picha, wakatuomba chai, wakaenda zao. Barua zetu zimezungushwa meza hii hadi ile mpaka tukaambiwa tuandike upya kwa sababu za zamani hazionekani. Wazee walisema ahadi ni deni. Sisi tunakuheshimu mno kukudai deni ambalo hukulikopa wewe, lakini tunakuomba usiliongeze.

Safari iliyopita tuliomba mambo mengi: umeme, vyoo, viti, projekta yetu wenyewe. Tulipewa viti vya plastiki. Tunavishukuru, na ndivyo mlivyovikalia. Kwa sababu hiyo leo mengine yote tumeyaacha kwa makusudi. Tunaomba paa tu.

Tunaomba kwanza paa la muda kabla ya masika: fremu ya chuma inayosimama kwa miguu yake yenyewe, isiyoegemea kuta hizi dhaifu, na mabati juu yake. Makadirio ya gharama yamo ndani ya bahasha uliyokabidhiwa. Paa la kudumu lifuate baadaye, kwa michoro inayofuata masharti ya hifadhi ya Mji Mkongwe, ili jengo lisipoteze sura yake. Na tunaomba ofisi moja, si nne, ikabidhiwe jukumu la kutujibu.

Zanzibar ina tamasha la filamu linalojulikana duniani tangu miaka ya 1990, na filamu zake zinaonyeshwa usiku uani Ngome Kongwe huku watu wakiomba mvua isinyeshe. Majestic ikiezekwa, tamasha litapata ukumbi, vijana watapata darasa, wanawake watapata tena siku yao, na vikundi vya taarab vitapata jukwaa mwaka mzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kitabu kipo mezani kwako. Ombi letu la mwisho ni kwamba leo usiandike kuwa umelichukua. Andika jina la ofisi itakayotupokea na tarehe ya kwenda, kisha uyasome kwa sauti wazee hawa wayasikie.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kamati,
kwa niaba ya wakaazi wa Vuga na vijana wa filamu