Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: vipisi chini ya mwembe

Mganga Mkuu, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua ya ofisini ingebidi ianze na jina langu, na jina likishatajwa watu watanijadili mimi, sigara wataisahau. Itoshe kujua kwamba mimi ni muuguzi, mwanamume, na kazi yangu yote nimeifanya hapa mkoani. Nilivuta miaka 11. Sasa sivuti.

Hospitali niliyokuwepo mwaka 2020 ilikuwa na mwembe nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Chini yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga la kutupia vipisi. Tarehe 16 Machi, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini, kopo lile lilikuwa likichukua wiki mbili kujaa. Kufika Mei, siku tatu tu limefurika. Tulikuwa tukitoka wodini hoi, barakoa tunaishusha kidevuni kwa mkono ule ule uliotoka kugeuza mgonjwa, kiberiti kimoja kinazunguka watu watano. Fegi zikiisha, aliyebaki na moja anaambiwa "niachie kidogo", nayo inapita mdomo hadi mdomo. Ndoo ya kunawia ilikuwa lango kuu, kwa ajili ya wageni. Sisi wenye kuwafundisha watu kukaa mbalimbali tulikuwa tumebanana chini ya mwembe kama kuku wanaokimbia mvua.

Na tulikuwa na hoja! Mwenzetu mmoja alileta habari kwenye simu kwamba Wafaransa wamegundua nikotini, kile kilevi kilichomo kwenye tumbaku, inazuia korona. Ni kweli kwamba Aprili ile watafiti wa Paris walitoa dhana ya namna hiyo, hata serikali yao ikaweka kikomo cha bidhaa za nikotini ambazo mtu angeweza kununua famasi, kwa kuogopa watu wangezikimbilia. Lakini ilikuwa dhana, na ilihusu nikotini, si moshi. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba mvutaji akiambukizwa ana hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Hiyo hakuna aliyeirusha kwenye kundi letu. Wala mimi.

Kilichonivunja nguvu ni mzee mmoja mvuvi, aliyeletwa akiwa amebanwa kifua. Nilikuwa nimeinama kumrekebishia mpira wa oksijeni puani huku nikimpa nasaha zile za kila siku: sigara uache, mapafu yako hayana akiba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta pumzi mbili tatu za kukusanya nguvu, akasema taratibu, "Mwanangu, nawe wanukia." Basi. Nikatoka na trei yangu. Nilikuwa nimetafuna pipi ya mnanaa, nikidhani nimemaliza kazi.

Sasa, Mganga Mkuu, najua jibu la haraka litakuwa waraka. Tafadhali usiandike waraka. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu mwaka 2003, na bango la "Hairuhusiwi kuvuta sigara" lilikuwepo pale pale, limepigiliwa kwenye mwembe wenyewe. Bango halikumwachisha mtu sigara. Lilituhamishia upande wa pili wa shina.

Jambo ambalo mabosi hawalioni ni hili: zamu ya usiku, wauguzi wawili na wodi imejaa, sigara ndiyo ruhusa pekee ya kutoka. Ukisema "natoka kuvuta", mwenzako anaelewa, anakushikia wodi dakika tano. Ukisema "natoka nikakae tu", utaonekana mvivu. Nawajua wawili walioanza kuvuta kazini, watu wazima, si kwa kupenda tumbaku. Walitaka kukaa chini.

Kwa hiyo naomba chumba. Viti vinne, birika, dirisha linalofunguka upepo wa bahari uingie, na dakika 15 zilizoandikwa kwenye ratiba ya zamu, kwa wavutaji na wasiovuta. Naomba pia dawa za kumsaidia mtu kuacha. Bigijii na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, lakini nilipoziulizia famasi ya hospitali yetu, mhudumu alidhani namtania. Mimi niliacha kwa karanga na hasira. Mke wangu anaweza kukusimulia miezi ile. Na naomba mshauri ambaye si bosi wa mtu, ili anayetaka kuacha aseme bila kuogopa faili lake.

Usidhani madaktari na wauguzi hawawezi kuacha sigara. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kama wanavuta, wakajibiwa na zaidi ya 40,000, na utafiti ule ukaendelea miaka 50. Ulionyesha kuwa mvutaji wa maisha anapoteza takriban miaka 10, na kwamba anayeacha akiwa na miaka 40 anaokoa kama 9 kati ya hiyo. Madaktari wale wale waliokuwa wakivuta kama treni wakaanza kuacha, kwa kuwa waliohesabiwa ni wao.

Hapa kwetu ningependa kuanza na kuhesabiwa huko. Ukija kukagua, usipitie lango kuu ambako tutakuwa tumepiga deki tangu alfajiri. Njoo saa tisa usiku, bila gari la ofisi, uzunguke nyuma kwa kufulia. Kopo utaliona.

Wako katika kazi,
Muuguzi, Tanga