Miguu ya matende ndiyo inanirudishia hamu ya udaktari, ila haina nafasi kwenye ratiba

Mshauri, shikamoo.

Ni daktari kijana, hospitali ya wilaya huku uwanda wa juu wa Makonde, Mtwara. Chumba cha wagonjwa wa nje kimenichosha: homa, kipimo cha malaria, dawa, mwingine aingie. Jioni hukumbuki sura ya mtu. Kinachonifanya nijione bado daktari ni wagonjwa wa matende.

Wengi wameshaambiwa hayana tiba, wakakata tamaa. Kweli, ivermectin na albendazole za kingatiba, zile dawa za kuzuia ugonjwa, hasa huua minyoo wachanga wa matende kwenye damu. Mguu uliokwisha vimba haurudishwi na dawa hizo. Busha linaloletwa na minyoo hao hufanyiwa upasuaji. Mguu unataka usafi wa kila siku: sabuni ya kawaida, maji yasiyo ya moto, kusuuza mpaka maji yatoke safi, kisha kukausha kwa kugandamiza kitambaa laini bila kusugua. Kazi yote iko katikati ya vidole. Pakibaki unyevu fangasi huota, ngozi hupasuka, bakteria hupenya, na mgonjwa anatetemeka kwa homa huku mguu ukiwaka. Kila shambulio huuacha mnene zaidi. Kwenye mipasuko apake krimu ya fangasi, akikaa au kulala auinue, azungushe kifundo. Homa ikimshika, mazoezi yasimame: apumzike, aweke kitambaa cha maji baridi, apewe paracetamol na antibayotiki. Kuuchanja mguu kwa wembe ni marufuku, hata bibi akisisitiza.

Kumwelekeza mtu hadi apenyeze kitambaa vidoleni mwenyewe huchukua karibu nusu saa. Akishika, harufu hukata, na anaanza kukaa benchi moja na wenzake.

Sasa shida. Mganga mfawidhi anasema foleni kwanza, na hajakosea: nikitoka, tabibu anabaki peke yake. Halafu maji. Huku ndoo hununuliwa. Mama akichagua kati ya kupika na kuosha mguu, jibu unalijua. Msimu wa korosho nao ukifika, watu huhamia mashambani na kliniki wanaisahau.

Niombe mchana mmoja kwa wiki, au nimfundishe nesi wa kliniki ya kisukari, ambaye miguu anaikagua tayari? Kwa mgonjwa la pili naliona bora. Kwangu mimi ni kurudishwa kwenye foleni mikono mitupu, na hilo ndilo linanipa kigugumizi. Na waliofanya kazi penye shida ya maji, mliwapangia wagonjwa utaratibu gani wa kuosha?

Daktari, Mtwara