Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Daftari

Ndugu wanachama wenzangu,

Hesabu atazisoma mhazini, na kodi ya vibanda tuliimaliza kikao kilichopita. Mimi mwaka huu nina neno moja tu: daftari.

Kila wakala wa fedha za simu analo mezani. Mteja anaandika jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, anasaini. Anayefuata anajaza mstari wa chini huku akiwasoma walio juu. Mimi mwenyewe yalinikuta. Kijana mmoja alijifanya anatafuta kalamu, kumbe anapiga picha ukurasa mzima. Jioni mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akapigiwa simu na mtu anayemjua kwa jina na kiasi alichoweka. Akaambiwa wakala kamzidishia, arudishe kwenye namba fulani. Akarudisha, maana aliamini ni mimi niliyemtuma huyo mtu. Tumezoea kucheka ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini tapeli huyu hakubahatisha. Alikuwa anasoma daftari langu.

Baadhi yenu mlidhani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ni ya mabenki na hospitali. Sheria hiyo inaihesabu miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti, kundi moja na alama za vidole na habari za afya. Anayekusanya taarifa anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kamati imeandika barua kuuliza kama kila kibanda kijisajili peke yake. Majibu yakija nitawaleteeni.

Kopi za vitambulisho ni aibu nyingine. Nilinunua karanga pale stendi, nikafungua karatasi nikakutana na uso wa mteja wetu, namba ya NIDA nzima. Aliyeitupa anajijua.

Wenzetu wa upande wa soko la samaki wamekata boksi la sabuni, wakatoboa dirisha la mstari mmoja na kulilaza juu ya ukurasa. Mteja anaona mstari wake tu. Nimeiga, na sijatumia hata shilingi. Wasaidizi wenye picha za vitambulisho kwenye simu zao wazifute leo, mbele yenu.

Mashine ya kuchana karatasi tumenunua, iko kwa katibu. Madaftari ambayo muda wake wa kutunzwa umepita yaleteni Jumamosi asubuhi. Yaliyobaki yafungiwe kabatini, na ufunguo usining'inie mlangoni.